Ngojangoja huumiza matumbo: historia ya upasuaji wa kidole tumbo

Mnamo tarehe 24 Juni mwaka 1902 jiji la London lilikuwa limefurika wageni. Zilibaki siku mbili tu kabla ya Mfalme Edward wa Saba kuvikwa taji katika kanisa la Westminster Abbey. Majukwaa ya mbao yalikwisha kujengwa kandokando ya barabara, bendera zilikwisha kutundikwa, na wajumbe wa falme na makoloni walikwisha kuwasili kutoka kila pembe ya dunia. Miongoni mwa walioalikwa alikuwamo Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, aliyefuatana na katibu wake, Ham Mukasa. Wawili hao walikuwa wametoka Mengo hadi Mombasa, na kutoka Mombasa wakapanda meli ya kwenda Ulaya ili kuushuhudia utawazo huo.

Adhuhuri ya siku hiyo, chumba kimoja ndani ya kasri la Buckingham kiligeuzwa kuwa chumba cha upasuaji. Mfalme, mtu mnene mwenye umri wa miaka 60, alilazwa juu ya meza akapewa dawa ya usingizi. Daktari mpasuaji Frederick Treves akalifungua tumbo lake upande wa chini kulia. Ndani alikuta jipu lililotokana na maradhi ya kidole tumbo. Aliutoa usaha, akaacha mirija ya kuendelea kuusafirisha nje, na kazi ikamalizika katika muda usiofika saa moja. Kidole tumbo chenyewe hakukikata.

Utawazo ukaahirishwa. Wageni wengi wakarejea makwao, na sehemu ya vyakula vya karamu ya kifalme ikaishia mikononi mwa maskini wa mashariki ya London. Ujumbe wa Buganda ukabaki ukisubiri. Tarehe 9 Agosti mwaka huo huo, Mfalme Edward alivikwa taji.

Waswahili husema ngojangoja huumiza matumbo. Lakini Waswahili hao hao husema pia kwamba haraka haraka haina baraka. Historia ya upasuaji wa kidole tumbo na utumbo mpana ni historia ya mabishano marefu kati ya methali hizo mbili: ni lini daktari akimbilie kisu, na ni lini akiweke chini. Kila lilipotolewa jibu lisilo sahihi, gharama yake ililipwa kwa uhai wa mtu.

Kiungo kidogo, fumbo kubwa

Kidole tumbo ni kijimrija chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa chini kulia wa tumbo. Kwa kawaida urefu wake haupiti sana ule wa kidole cha mkono. Kina mdomo mmoja tu unaofunguka kwenye utumbo, na upande wa pili kimefungika.

Mdomo huo ukizibwa, kwa mfano na kipande cha kinyesi kilichokauka au na uvimbe wa kuta zake zenyewe, shinikizo ndani yake hupanda. Vijidudu huzaliana, damu hushindwa kupita, na nyama ya kiungo huanza kuoza. Maumivu aghalabu huanzia karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia. Kidole tumbo kikipasuka, uchafu wa utumbo humwagika ndani ya tumbo. Mwili wakati mwingine hufaulu kuuzungushia ukuta, na hapo hufanyika jipu kama lile la Mfalme Edward. Usipofaulu, maambukizi husambaa katika utando mzima unaofunika viungo vya tumbo, na mgonjwa huwa katika hatari kubwa ya kufa.

Wachunguzi wa mwili wa binadamu walikifahamu kiungo hiki tangu zamani. Leonardo da Vinci alikichora. Daktari wa Italia, Berengario da Carpi, alikieleza mwaka 1521, naye Andreas Vesalius akakionyesha katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1543. Hata hivyo, kwa karne nyingi hakuna aliyedhani kwamba kitu kidogo namna hiyo kingeweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake.

Operesheni ya kwanza inayofahamika ya kukiondoa ilifanywa kwa bahati. Tarehe 6 Desemba mwaka 1735, katika Hospitali ya St George's mjini London, daktari Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 aliyekuwa na ngiri iliyokuwa ikivuja. Ndani ya ngiri alikikuta kidole tumbo kikiwa kimetobolewa na pini ambayo mtoto huyo alikuwa ameimeza. Amyand alikikata. Hapakuwa na dawa ya usingizi, na operesheni ilichukua takriban nusu saa. Mtoto alipona. Amyand aliandika taarifa ya kitaalamu juu ya tukio hilo, lakini hakuna aliyetoa humo fundisho lililohitajika. Pini ndiyo iliyolaumiwa.

Karne moja na nusu ya makosa

Kwa zaidi ya miaka 150 iliyofuata, wagonjwa walioshikwa na maumivu ya upande wa kulia waliambiwa kwamba ni sehemu ya mwanzo ya utumbo mpana iliyovimba. Walipewa kasumba ya kutuliza maumivu, wakapewa dawa za kuharisha, wakawekewa ruba za kunyonya damu, na mwishowe wakazikwa. Mwaka 1827 daktari Mfaransa François Mêlier alieleza kwamba huenda chanzo ni kidole tumbo, na akafikiria hata uwezekano wa upasuaji. Lakini Guillaume Dupuytren, mpasuaji mwenye sauti kubwa kuliko wote mjini Paris wakati huo, alikuwa na maoni mengine. Kauli ya mkubwa ikafunika hoja ya mdogo.

Haidhuru, hata kama Mêlier angesikilizwa, nani angethubutu? Kulifungua tumbo la binadamu katika hospitali za Ulaya za zama hizo kulikuwa karibu sawa na kumhukumu kifo. Milango miwili ilibidi ifunguke kwanza. Wa kwanza ulifunguka mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, pale dawa ya etha ilipotumiwa hadharani kumlaza mgonjwa usingizi wakati wa upasuaji. Wa pili ulifunguliwa na Joseph Lister, ambaye mwaka 1867 alichapisha matokeo ya matumizi yake ya dawa ya asidi ya kaboliki kuzuia vidonda visioze.

Lakini Ulaya na Marekani hazikuwa peke yake katika kujaribu kuushinda woga huo. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia katika Bunyoro, magharibi ya Uganda ya leo, mganga wa kienyeji akimpasua tumbo mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa kidogo. Pombe hiyo hiyo ilitumika kuosha mikono ya mganga na tumbo la mama. Jeraha lilifungwa kwa pini za chuma na nyuzi za magome ya mti, likafunikwa kwa dawa ya mizizi. Mama na mtoto wote waliishi. Felkin alichapisha habari hiyo mwaka 1884 pamoja na michoro aliyoichora mwenyewe. Ilikuwa dhahiri kwamba watu wa Bunyoro walikuwa na ujuzi uliokomaa wa kufungua tumbo na kulifunga tena, na usafi ulikuwa sehemu ya ujuzi huo.

Jina lapatikana

Tarehe 18 Juni mwaka 1886, mjini Washington, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard aitwaye Reginald Fitz alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa Marekani. Fitz hakuwa mpasuaji. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti na kutafuta sababu ya kifo. Alikuwa amekusanya habari za wagonjwa 257 waliotobokewa na kidole tumbo, akazilinganisha na za wale waliodhaniwa kuugua mwanzo wa utumbo mpana. Akaonyesha kwamba ugonjwa ni mmoja, na chanzo chake ni kidole tumbo. Ni yeye aliyeupa ugonjwa huo jina la kitaalamu linalotumika hadi leo.

La muhimu zaidi ni kwamba Fitz alizungumzia saa. Alieleza kuwa endapo baada ya saa 24 tangu maumivu makali kuanza hali ya mgonjwa inazidi kuwa mbaya na maambukizi yanasambaa, basi afanyiwe upasuaji bila kukawia. Kwa mara ya kwanza, kungoja kulitajwa kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Mwaka uliofuata, Thomas Morton wa Philadelphia alimpasua mgonjwa, akakiondoa kidole tumbo kilichotoboka, na mgonjwa akapona. Morton alikuwa na sababu ya kutosubiri: ndugu yake na mtoto wake walikuwa wamekufa kwa maradhi hayo hayo. Mwaka 1889 Charles McBurney wa New York alionyesha mahali hasa tumboni ambapo daktari akibonyeza kwa ncha ya kidole atapata maumivu makali kuliko kwingine. Mahali hapo panaitwa kwa jina lake mpaka sasa. Mwaka 1894 akaeleza namna ya kulipasua tumbo kwa kuitenganisha misuli bila kuikata, ili ukuta wa tumbo usibaki dhaifu na kuleta ngiri baadaye.

Hata hivyo, wapasuaji hawakuwa na sauti moja. Mji wa Chicago peke yake ulikuwa na kambi mbili. John Murphy alishikilia kwamba tumbo lifunguliwe mapema, kabla kidole tumbo hakijapasuka, na wenzake walimbeza kwa pupa yake. Albert Ochsner naye alisema kwamba mgonjwa aliyechelewa, ambaye maambukizi yamekwisha kusambaa, ni heri asipewe chochote kwa mdomo, atulizwe, na operesheni ingoje hadi mwili uyazungushie maambukizi ukuta. Kila mmoja alikuwa na wagonjwa waliopona wa kuwaonyesha, na kila mmoja alikuwa na makaburi ambayo mpinzani wake aliweza kuyanyooshea kidole.

Daktari wa mfalme na binti yake

Frederick Treves, aliyemtibu mfalme, alikuwa miongoni mwa waliopendelea subira. Alikuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa upasuaji wa tumbo nchini Uingereza, na alikuwa ameanza kuushughulikia ugonjwa huu kwa upasuaji tangu mwaka 1887 katika Hospitali ya London. Msimamo wake ulikuwa kwamba katika wagonjwa wengi ni bora shambulio lipoe kwanza, kisha kidole tumbo kishughulikiwe katika kipindi cha utulivu. Ulikuwa msimamo wenye mantiki, kwani mashambulizi mengi hupoa yenyewe, na wapasuaji wenye pupa walikuwa wakiua watu ambao wangepona.

Mwaka 1900 ugonjwa huo uliingia nyumbani kwake. Binti yake, Hetty, msichana wa miaka 18, alishikwa na maradhi ya kidole tumbo, akafariki dunia. Elimu ya baba, umaarufu wake, na marafiki zake wapasuaji, vyote havikufua dafu.

Miaka miwili baadaye Treves alisimama kando ya kitanda cha mfalme. Maumivu ya Edward yalikuwa yameanza katikati ya Juni. Yalipungua, yakarudi. Mfalme hakutaka kabisa kusikia habari ya kuahirisha utawazo. Inasimuliwa kwamba alisisitiza atakwenda Westminster Abbey hata iweje, na Treves akamjibu kwamba, kama ni hivyo, atakwenda akiwa maiti. Safari hii daktari hakungoja. Lakini pia hakupita mpaka. Alipoona jipu limekwisha jizungushia ukuta, alilitoboa na kulikausha, basi. Kukitafuta kidole tumbo ndani ya uchafu ule kungeweza kuubomoa ukuta ambao mwili ulikuwa umeujenga, na kuyasambaza maambukizi katika tumbo zima. Haraka ilihitajika katika kufungua, na subira ilihitajika baada ya kufungua.

Miaka michache baadaye Treves alisafiri hadi Afrika Mashariki, akapanda treni kutoka Mombasa, na mwaka 1910 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo ya Uganda, nchi aliyotoka yule Katikiro aliyesubiri London majira yale ya kiangazi.

Baada ya kisu

Kupona kwa mfalme kuliufanya ugonjwa huu ujulikane na kila msomaji wa magazeti. Lakini kufika mezani hakukuwa na maana ya kuokoka. Mwezi Novemba mwaka huo huo wa 1902, Walter Reed, daktari wa jeshi la Marekani aliyeongoza uchunguzi uliothibitisha kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mjini Washington. Maambukizi yalisambaa tumboni, akafariki mwezi huo huo.

Mwaka 1926 uliwachukua watu wawili mashuhuri. Mwigizaji wa filamu Rudolph Valentino alifariki New York mwezi Agosti kutokana na maambukizi ya tumbo baada ya kupasuliwa. Miezi miwili baadaye mwanamazingaombwe Harry Houdini alipanda jukwaani mjini Detroit akiwa na homa kali, akamaliza onyesho lake, na ndipo akapelekwa hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka. Alifariki tarehe 31 Oktoba. Mtu aliyejulikana duniani kwa kujinasua katika minyororo na masanduku yaliyofungwa hakuweza kujinasua katika siku alizozichelewesha mwenyewe.

Yaliyowasumbua wapasuaji baada ya operesheni ni yale yale yanayowasumbua hadi leo, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi: kidonda kutunga usaha, jipu kujificha ndani ya tumbo, mshono wa utumbo kuvuja, ngiri kutokea kwenye kovu, na matumbo kugandana kwa nyuzinyuzi zinazoweza kuuziba utumbo hata baada ya miaka mingi.

Kubwa kuliko yote lilikuwa tatizo la mshono wa utumbo mpana. Utumbo huo umejaa vijidudu, na mshono wake ukifumuka, uchafu humwagika upya. Hapa subira ilikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1793, katika mji wa Brest nchini Ufaransa, daktari Duret alimpasua mtoto mchanga aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, akautoa utumbo mpana na kuufungulia kwenye ukuta wa tumbo. Mtoto huyo aliishi zaidi ya miaka 40. Mwaka 1921 Mfaransa mwingine, Henri Hartmann, alieleza operesheni ya kuikata sehemu ya utumbo mpana yenye saratani, kuifunga ncha ya chini, na kuitoa ncha ya juu nje ya tumbo, bila kuharakisha kuziunganisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wapasuaji wa majeshi waliamriwa wautoe nje utumbo mpana uliopigwa risasi badala ya kuushona na kuurudisha ndani.

Kwa mgonjwa, kuishi na njia ya haja iliyo tumboni ni mzigo mzito, hasa pale ambapo mifuko maalumu ya kukingia haipatikani au ni ghali. Wengi wameona aibu, wengine wamejitenga na jamaa zao. Lakini mara nyingi njia hiyo huwa ya muda tu. Baada ya miezi kadhaa, tumbo likishapoa, daktari hurudi na kuziunganisha ncha mbili za utumbo. Huko ndiko kungoja kwenye manufaa.

Treves mwenyewe alifariki dunia mwezi Desemba mwaka 1923 mjini Lausanne, Uswisi. Kilichomwua ni maambukizi ya utando wa tumbo, adui yule yule aliyepambana naye maisha yake yote. Dawa za salfa zilikuwa bado kuja, na penisilini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1940.

Swali kutoka Mulago

Baada ya vita, mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alifika Uganda mwaka 1946, na baadaye akafanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Burkitt anajulikana zaidi kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Lakini jambo jingine lilimshangaza pia. Ugonjwa wa kidole tumbo, ambao katika hospitali za Uingereza ulikuwa kazi ya kila siku, ulikuwa haba miongoni mwa wanakijiji wa Afrika. Alipeleka maswali kwa hospitali nyingi za bara hili, zikiwamo za misheni, na majibu yakafanana.

Mwaka 1971 alichapisha maoni yake kwamba siri imo katika chakula. Watu waliokula nafaka zisizokobolewa, maharage, mboga na viazi walipata choo laini na kingi, ilhali wala mkate mweupe na sukari walipata choo kigumu kinachoweza kukiziba kidole tumbo. Nadharia hiyo iliwafanya watu duniani kote wazungumzie makapi ya nafaka. Watafiti waliofuata hawakukubaliana nayo yote. Wengine, kama David Barker wa Uingereza, walihusisha ugonjwa huu na mabadiliko ya usafi na maji majumbani.

Lakini uhaba si ukosefu, na hapo palikuwa na mtego. Tabibu aliyezoea kuamini kwamba ugonjwa huu ni wa wazungu huenda asiutafute kwa mwanakijiji. Zaidi ya hayo, Afrika Mashariki ina maradhi mengine ya utumbo yanayofanana nao au kuushinda kwa ukali: homa ya matumbo inayoweza kuutoboa utumbo, na kujisokota kwa utumbo mpana. Mwaka 1968 mpasuaji wa Kampala aitwaye Shepherd alichapisha tathmini ya wagonjwa 425 waliosokotwa na utumbo. Hapo pia saa ilikuwa hakimu: utumbo uliosokotoka lakini ungali hai unaweza kunyooshwa, ila ukishakuwa mweusi sharti ukatwe.

Barafuni, na baadaye

Mfano mkali kuliko yote wa mashindano kati ya kungoja na kukata ulitokea mahali pasipo na wenyeji. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1961, Leonid Rogozov, daktari Mrusi mwenye umri wa miaka 27, alishikwa na maumivu upande wa kulia akiwa katika kituo cha utafiti cha Novolazarevskaya, bara la Antaktika. Alikuwa daktari pekee kati ya watu 13. Alijaribu kwanza kungoja huku akitumia dawa za antibiotiki. Hali ikazidi kuwa mbaya, na dhoruba ya theluji ilizuia ndege yoyote kufika. Usiku wa tarehe 30 alijichoma sindano ya ganzi, akajipasua mwenyewe, huku wenzake wasio madaktari wakimshikia kioo na vyombo. Alikikata kidole tumbo na kukuta kimeanza kuwa na doa jeusi kwenye shina lake. Kwa makadirio yake, kingepasuka baada ya siku moja tu. Katika muda wa wiki mbili hivi alikuwa amerudi kazini.

Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake mjini Kiel, Ujerumani, alikitoa kidole tumbo kupitia matundu madogo akitumia darubini ya tumboni. Wapasuaji wenzake walimkemea vikali. Leo njia hiyo ni ya kawaida katika hospitali nyingi zenye vifaa.

Kisha mabishano ya zamani yakarudi kwa sura mpya. Mwaka 2015 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya wagonjwa 530 ambao kidole tumbo chao kilikuwa kimevimba bila kupasuka. Kati ya waliotibiwa kwa antibiotiki pekee, takriban asilimia 73 hawakuhitaji kisu katika mwaka wa kwanza. Walipofuatiliwa kwa miaka mitano, karibu 4 katika kila 10 ugonjwa ulikuwa umewarudia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, uliohusisha watu 1,552, ulionyesha kwamba takriban 3 kati ya 10 wa waliopewa antibiotiki walipasuliwa ndani ya siku 90, na kwamba wenye kijiwe cha kinyesi ndani ya kidole tumbo walikuwa katika hatari zaidi ya kupata matatizo.

Kwa hiyo, je, subira imeshinda? Wagonjwa wa tafiti hizo walingoja wakiwa na picha za skani mkononi, daktari akiwa karibu, na chumba cha upasuaji kikiwa tayari saa yoyote. Kungoja kwa namna hiyo ni tiba. Kungoja kwa mtu aliye kijijini, anayetafuta nauli, anayesubiri mto upungue, au anayekunywa dawa ya kuharisha akidhani ni tumbo la kawaida, ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 2015, tume ya kimataifa iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati huduma ya upasuaji iliyo salama na wanayoweza kuimudu. Ikapendekeza kipimo kilicho wazi: kila mtu aweze kufika, ndani ya saa mbili, mahali panapoweza kufanyika operesheni tatu za msingi, na mojawapo ni kulifungua tumbo. Nchini Tanzania na katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, sehemu kubwa ya kazi hiyo katika hospitali za wilaya imefanywa kwa miongo mingi na matabibu waliofunzwa upasuaji bila kuwa na shahada ya udaktari. Majina yao hayamo katika vitabu vya historia ya tiba.

Mfalme Edward aliletewa daktari, meza na dawa ya usingizi ndani ya nyumba yake, akaishi karibu miaka minane zaidi, hadi tarehe 6 Mei 1910. Kilichomwokoa mwaka ule wa 1902 ni operesheni ambayo leo hospitali ya wilaya yenye mtu aliyefunzwa, taa, maji safi na dawa ya usingizi inaweza kuifanya. Kinachobaki kati ya mgonjwa wa kijijini na operesheni hiyo ni njia ya kumfikisha, na saa ngapi zimepita tangu maumivu yalipotoka kitovuni na kushuka upande wa kulia.